Springi ya lori ikikatika Garissa: Iungwe au inunuliwe mpya?

KATIKA viwanja vya mafundi wa jua kali mjini Garissa, ni nadra kukosa lori lililoinuliwa kwa jeki, magurudumu ya nyuma yametolewa, na wanaume watatu au wanne wamechutama wakikitazama kipande cha chuma kilichokatika. Mmoja wao ni mwenye gari, au dereva aliyetumwa kumwakilisha kwa simu. Mwingine ni fundi. Swali lililo kati yao ni lile lile la kila siku: springi hii iungwe au itafutwe nyingine?

Jibu lake si dogo katika eneo hili. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni takriban kilomita 370. Kutoka Nairobi hadi Mandera ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na sehemu kubwa ya safari hiyo imekuwa kwa miongo mingi ni mchanga, mawe na mabonde. Lori linaloharibika kati ya mji na mji haliharibiki mahali penye simu ya fundi ubavuni. Wanyama hubaki wamesimama juani bila maji, na wapo wanaoanguka na kukanyagwa. Abiria nao hubaki kichakani katika eneo ambalo watu hawajasahau Novemba 22, 2014, wakati abiria 28 walipouawa baada ya basi lao kutekwa karibu na mji wa Mandera. Tangu wakati huo, kusimama porini bila kupenda ni jambo linalomtia hofu kila dereva wa Kaskazini Mashariki.

Kwa sababu hiyo inafaa mwenye gari aelewe kinachotendeka ndani ya chuma kile kabla hajasema neno la mwisho.

Kwanza jina. Kamusi zetu zina neno zuri la zamani, kamani, ambalo wazee wa Pwani walilitumia kwa springi ya saa. Sijawahi kulisikia gereji. Fundi wa Garissa, awe Msomali, Mkamba au Mpokomo, husema springi, nasi tutamfuata.

Springi ya lori, na ya magari mengi ya kubebea mizigo, ni vyuma bapa vilivyopindwa kama upinde na kulazwa kimoja juu ya kingine, kirefu kuliko vyote kikiwa juu na vifupi vikifuata chini yake. Katika makala haya kila chuma tutakiita jani, na vyote kwa pamoja tutaviita fungu. Jani kuu, lile refu la juu, limekunjwa kila ncha likawa na jicho, na kupitia macho hayo springi huning'inia kwenye chesisi. Majani yote hubanwa pamoja na bolti moja inayopenya katikati yao. Kisha fungu zima hukazwa kwenye ekseli kwa bolti zenye umbo la herufi U.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalifikirii. Watu hudhani kazi ya springi ni kulainisha safari pekee. Ukweli ni kwamba katika malori mengi jani kuu ndilo pia linaloishikilia ekseli mahali pake. Breki zikikanyagwa, nguvu inayotaka kuirudisha ekseli nyuma hupitia kwenye jani hilo. Gari likipinda kona, jani hilo ndilo linalozuia ekseli isisogee kando. Jani fupi la chini likikatika, gari huinama kidogo na kugonga. Jani kuu likikatika karibu na jicho, ekseli yaweza kuhama upande mmoja, ikavuta paipu za breki, ikalipeleka gari kombo kama mbwa anayetembea mshazari. Ikiwa ni ekseli ya mbele, dereva hana tena hakika ya usukani. Katika malori mengi watengenezaji hulikunja jani la pili nalo kulizunguka jicho la jani kuu ili liwe kinga ya dharura. Kinga hiyo ni ya kukufikisha penye usalama, wala haikukusudiwa kukufikisha Nairobi na ng'ombe 20.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza fundi liwe ni jani gani lililokatika, na limekatikia wapi. Bei ya kuunga ije baadaye.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe. Chuma cha springi si sawa na kile cha mlango au cha dirisha. Kina kaboni nyingi kiasi, kwa kawaida kati ya asilimia 0.5 na 0.65, pamoja na madini mengine kama manganizi, silikoni au kromiamu. Kiwandani hupashwa moto hadi karibu nyuzi 850 za selsiasi, kikatoswa ghafla ndani ya mafuta kiwe kigumu, kisha kikapashwa tena kwa moto wa chini zaidi, aghalabu kati ya nyuzi 400 na 500, ili kipunguziwe ule ugumu wa kuvunjika kama kioo na kipate unyumbufu. Hiyo hatua ya pili ndiyo inayokifanya kuwa springi. Bila hiyo, kingekuwa chuma tu.

Fundi anapokichomelea, joto pale penye kiungo hupita nyuzi 1,400, kwani lazima chuma kiyeyuke. Punde tu anapoondoa moto, sehemu baridi iliyo pembeni huvuta joto lile kwa kasi. Ukanda mwembamba kando ya kiungo hugeuka kuwa mgumu na mkavu kuliko ulivyokuwa. Mbele kidogo ya ukanda huo upo mwingine uliolainika kwa kupoteza matibabu yake ya kiwandani. Basi umepata jani moja lenye tabia tatu tofauti katika nafasi ya vidole viwili au vitatu: kiungo chenyewe, ukanda mkavu, na ukanda laini. Ukilipinda mara moja litapindika. Ukilipinda mara elfu kadhaa likiwa na tani juu yake, litakatika. Mara nyingi halikatiki kwenye kiungo, hukatika kandokando yake, na fundi hujitetea kwa haki kwamba kazi yake haikuachia. Ni kweli kazi yake haikuachia. Kilichoachia ni chuma kilichoharibiwa na kazi hiyo.

Wapo wanaouliza: mbona wahunzi huchukua springi kuukuu za malori wakafua visu, mapanga na mashoka mazuri? Je, si chuma kile kile, na moto ule ule? Ni kweli, na sababu ya wahunzi kukipenda ndiyo hiyo kaboni iliyotajwa. Lakini panga hupigwa, hunolewa na huwekwa pembeni. Halipindwi mchana kutwa na uzito wa mafahali. Mhunzi stadi anaweza kurudisha ugumu wa makali katika sehemu ndogo. Kurudisha unyumbufu sawasawa katika urefu wa mita moja na nusu bila tanuru lenye kipimo cha joto ni jambo jingine.

Tukielewa hivyo, tunaweza kuelewa pia kwa nini springi hukatika wakati dereva anaapa kwamba hakuingia shimoni siku hiyo. Springi nyingi hufa kwa uchovu wa chuma. Ufa mdogo, usioonekana kwa jicho, huanza juu ya uso wa jani mahali penye kasoro: kovu la kutu, mkwaruzo wa patasi, ukingo wa tundu la bolti ya katikati. Kila mara jani linapopinda, ufa huongezeka kidogo. Siku moja chuma kilichobaki kinakuwa chembamba mno, na jani hukatika barabarani palipo tambarare kabisa. Ukitazama mahali palipokatika utasoma historia hiyo. Sehemu ya zamani ya ufa huwa nyeusi au yenye kutu, na ile ya mwisho hung'aa kwa chembechembe za kijivu. Kama karibu eneo lote ni jeusi, ufa ule ulikuwa ukisafiri nawe kwa majuma.

Na barabara zetu hazikosi vya kuupinda. Dereva yeyote wa njia ya Dadaab anayajua yale mawimbi madogo ya mchanga yanayoigeuza barabara kuwa kama mbao za kufulia. Mwaka 2007 watafiti wa Ufaransa, Kanada na Uingereza walichapisha majaribio yao, ambamo gurudumu lilizungushwa juu ya mchanga maabarani. Walionyesha kwamba mawimbi hayo hujitokeza yenyewe pindi gurudumu linapozidi kasi fulani ndogo, hata kama gurudumu hilo halina springi. Greda huyafuta, na magari yanayofuata huyaandika upya. Wimbi hadi wimbi huwa ni kati ya nusu mita na mita moja. Kutoka Garissa hadi Dadaab ni takriban kilomita 100. Kwa hesabu ya mawimbi yaliyoachana kwa sentimita 70, barabara yote ikiwa hivyo, kila gurudumu lingetikiswa zaidi ya mara 140,000 kwa safari ya kwenda tu. Mitikisiko mingi ni midogo na springi nzima huivumilia. Springi yenye ufa haivumilii.

Juu ya hayo upo uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 10 kwenye ekseli moja yenye magurudumu manne, na jumla isiyozidi tani 56 kwa gari kubwa kabisa. Kila mtu anajua jinsi mizigo inavyopakiwa mbali na mizani. Wahandisi wa vyuma hutueleza kwamba uchovu haupandi sambamba na uzito, bali huruka. Ukiongeza mzigo kwa robo tu, maisha ya springi huweza kupungua kwa zaidi ya nusu. Mifugo ina tatizo lake la ziada, kwani ni mzigo unaotembea: fahali wote wakiegemea upande mmoja kwenye kona, springi za upande huo hubeba zaidi ya fungu lao. Garissa, ambayo soko lake la mifugo ni miongoni mwa makubwa katika ukanda huu, inaijua hali hiyo kuliko mji mwingine wowote nchini.

Turudi gereji. Ipo hali ambayo kukarabati ni jambo la busara, nami sikubaliani na wale wanaosema kila springi iliyoguswa itupwe. Ikiwa lililokatika ni jani fupi la chini, fungu lenyewe si la miaka mingi, majani mengine yamefunguliwa, yakasuguliwa kwa brashi ya waya na kukaguliwa moja baada ya jingine bila kuonekana ufa, basi kulinunua jani hilo pekee na kulitia mahali pake ni matengenezo halali. Lakini neno ni kulibadilisha jani. Hata katika hali hii jani lililokatika haliungwi.

Jani hilo jipya liwe la unene ule ule. Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea bila mtu kujua. Tuseme fungu lako ni la majani ya milimita 10, na fundi amepata jani la milimita 12 kutoka lori jingine. Linaonekana imara zaidi, na mwenye gari hufurahi. Lakini ukakamavu wa jani hupanda kwa unene mara tatu: 1.2 mara 1.2 mara 1.2 ni takriban 1.73. Jani hilo nene litachukua mzigo zaidi ya kila mwenzake kwa karibu robo tatu, na kwa kuwa yote yanapinda pamoja, uso wake utavutwa kwa nguvu zaidi kwa asilimia 20. Mgeni mwenye nguvu ndiye atakayekatika kwanza. Kipimo cha kaliper cha dakika moja kingezuia hayo.

Tundu la katikati nalo litazamwe. Jani la kuokoteza mara nyingi huwa na tundu lisilolingana, na njia ya haraka ya kulipanua ni moto wa gesi. Tundu lililotobolewa kwa gesi lina kingo za vidonda na chuma kilichokauka pembeni, pale pale penye mvutano mkubwa kabisa katika springi nzima. Ukiona hivyo, likatae. Tundu litobolewe kwa keekee.

Ipo pia kazi ya kuzikunja upya springi zilizolala. Jani hupigwa nyundo likiwa baridi, au hutiwa moto kidogo, hadi lirudie upinde wake. Kwa siku chache lori husimama vizuri. Kisha springi hulala tena, kwa kuwa umbo limerudi ila unyumbufu haukurudi, na kila alama ya nyundo ni mahali pengine pa ufa kuanzia. Kazi hiyo hufaa tu ikifanywa na kiwanda chenye tanuru, ambako majani yatapashwa na kutoswa upya kama yalivyofanyiwa mwanzoni.

Lini basi fungu zima libadilishwe? Jani kuu likikatika, badilisha fungu. Majani mawili yakikatika, hata kama ni mafupi, badilisha fungu. Likiwa limekatika moja tu lakini ukaguzi umeonyesha nyufa kwenye mengine, au macho yamepanuka, au majani yameliwa na kutu hadi yamekonda pale yanaposuguana, badilisha. Sababu ni kwamba majani yote yalisafiri safari zile zile. Moja likikatika kwa uchovu, ndugu zake wamechoka vivyo hivyo, na tangu siku hiyo yamekuwa yakibeba na fungu la marehemu.

Swali linalozua ubishi zaidi ni la upande wa pili. Springi ya kulia imekatika; je, ya kushoto iliyo nzima iguswe? Mwenye gari huona huo ni ubadhirifu, na muuza vipuri hushukiwa kwamba anataka kuuza mbili. Katika jambo hili nasimama na muuza vipuri. Springi mpya ina upinde kamili na ukakamavu kamili, kuukuu imelala. Ukiziweka pamoja kwenye ekseli moja, lori litainama upande wa kuukuu, mzigo utahamia huko, tairi za upande huo zitaliwa mapema, na breki zitavuta kwa namna isiyolingana. Springi kuukuu itafuata mwenzake kaburini, pengine mbele ya Modogashe ambako hakuna duka. Kama fedha haziruhusu jozi, basi angalau pima kimo cha chesisi kutoka ardhini pande zote mbili lori likiwa tupu juu ya ardhi sawa. Tofauti ikionekana wazi kwa macho, huna hiari. Hilo pia ndilo jibu kwa wenye magari madogo yenye springi za kuzunguka kama koili: hizo haziungwi kamwe, na hubadilishwa mbili mbili.

Kuna wanaonunua springi za mitumba zilizoletwa kutoka ng'ambo au kutolewa kwenye malori yaliyovunjwa. Siwalaumu. Nyingine hutoka kwenye magari yaliyotembea lami maisha yao yote na bado zina uhai. Ila tatizo la uchovu wa chuma ni kwamba hauonekani. Springi yenye rangi mpya nyeusi inaweza kuwa imebakiza safari tatu. Anayenunua ya mitumba aikatae iliyopakwa rangi, kwani rangi huficha nyufa na pia huficha kiungo. Afungue majani, atazame kuzunguka tundu la katikati na ndani ya kunjo la jicho. Muuzaji asiyekubali fungu lifunguliwe amekwisha kukujibu.

Sasa hesabu, kwa sababu mwishowe mambo haya huamuliwa na mfuko. Chukua mfano, wa kufikirika tu, ambamo springi mpya inagharimu mara 6 ya gharama ya kuunga. Tuseme kiungo kinadumu safari 5 na springi mpya safari 60. Kwa safari hizo 60 utaunga mara 12, yaani utalipa maradufu ya bei ya mpya, na lori litalala gereji siku 12 badala ya moja. Bado hujahesabu kuvutwa, wala ng'ombe waliokufa, wala mteja aliyetafuta lori jingine. Kila mwenye gari aweke tarakimu zake mwenyewe: ameunga mara ngapi mwaka huu, na kila mara alilipa nini na kupoteza siku ngapi? Wengi hawana daftari la hesabu hiyo. Hukumbuka bei ya kuunga kwa sababu walilipa kwa mkono, na husahau siku zilizopotea kwa sababu hazikuandikiwa risiti.

Hata hivyo ni lazima tukiri kwamba hesabu ya Garissa si hesabu ya Elwak. Mwenye lori aliye Garissa anaweza kupiga simu Nairobi leo na kupokea springi kwa basi kesho. Aliye mbali zaidi kaskazini hungoja, na kungoja nako kuna bei yake. Mradi wa kuijenga barabara ya Isiolo hadi Mandera kupitia Wajir, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha ufadhili wake mwaka 2020, umekusudiwa kupunguza umbali huo wa mateso. Lakini springi ya lori haingoji mradi, na hata lami ikifika, malisho na visima vitabaki nje ya lami. Kwa hiyo madereva wakongwe wa njia hizo hubeba jani kuu la akiba, bolti za U mbili au tatu, na bolti za katikati kadhaa. Ni uzito mdogo ukilinganishwa na faida yake. Mwenye magari matatu ya aina moja anaweza kuweka fungu moja kamili nyumbani.

Na ikikatika porini? Hapo ubingwa wa utingo wa Kaskazini Mashariki haupingiki. Mzigo hupunguzwa au kuhamishiwa upande mzima. Gari huinuliwa, kipande cha mti mgumu hupachikwa kati ya ekseli na chesisi ili kushika uzito, kisha hufungwa kwa mnyororo au kwa vipande vya mpira wa tyubu vilivyovutwa barabara. Jani kuu likiwa ndilo lililokatika, mnyororo mwingine hufungwa kutoka kwenye ekseli hadi mahali springi inapoanzia mbele, ili ekseli isirudi nyuma breki zikikanyagwa. Paipu za breki hukaguliwa. Kisha gari huenda polepole, bila abiria juu, hadi mji wa kwanza. Hayo ni matengenezo ya kufika tu. Kosa ni pale gari linapofika, likaonekana limesimama vizuri na mti wake, na mwenye gari akaamua lipige safari moja ya mwisho kabla ya gereji.

Ieleweke pia kwamba springi mpya inayofungwa juu ya kosa la zamani itakatika kama ya zamani. Sababu moja inayojirudia ni bolti za U zilizolegea. Zikilegea, fungu hucheza juu ya ekseli, bolti ya katikati hukatwa kama kwa mkasi, na majani huanza kupinda pale pale penye tundu ambapo yalipaswa kubanwa yasisogee hata kidogo. Jani lililokatikia kwenye tundu la katikati ni ushahidi wa karibu wa bolti zilizolegea. Bolti za U zikishafunguliwa zinunuliwe mpya, kwa kuwa nazo huvutika na nyuzi zake huharibika. Zikazwe kwa zamu, pande zote sawa, lori likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Kisha zikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, maana majani mapya hukaa na kubanana. Fundi asiyekwambia urudi kukaza amekufanyia nusu ya kazi.

Sababu nyingine ni tamaa ya kuongeza majani. Lori linalolala kwa mzigo huongezwa jani moja au mawili ili lisimame wima na lisivutie macho ya polisi. Springi hukakamaa, na uzito ule ule sasa hupelekwa kwenye chesisi, ekseli na tairi, ambazo hakuna aliyeziongeza. Likirudi tupu, lori hurukaruka, na magurudumu yanayoruka hayashiki breki. Sheria ya Trafiki inamtaka mwenye gari kulitunza katika hali isiyohatarisha watu, na magari ya biashara hukaguliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA). Lakini mkaguzi huliona lori likiwa tupu na limeoshwa. Dereva ndiye anayeliona kila asubuhi, na dakika tano za kuchungulia chini akiwa na tochi zingetosha: jani lililochomoza kando kuliko wenzake, mstari wa kutu uliokata jani kimshazari, vumbi lililopanguka kuzunguka bolti, lori lililoinama hali halina mzigo.

Limebaki la springi kuukuu yenyewe. Iliyotolewa ina thamani kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu na kwa wahunzi, na mwenye gari ana haki ya kuiuza. Ila kabla hajaiuza, amwambie fundi ayakate vipande viwili majani yote yaliyoonekana kuwa na ufa. Yakiuzwa mazima hayataishia kwa mhunzi. Yatapakwa rangi nyeusi, na huenda akayanunua jirani yake.